Namba ya siri ya mkulima wa Likawage inajulikana na watu wangapi?

MNADA wa ufuta ukimalizika na wakulima wakaridhia bei, kazi inayobaki kwa mkulima wa Likawage, wilayani Kilwa, ni moja tu: kusubiri simu ilie. Mzigo umekwishapimwa kwenye chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), umepelekwa ghala kuu, umeuzwa kwa mnunuzi ambaye mkulima hatamwona kwa macho, na fedha zitaingia kwenye akaunti ambayo nayo hataiona kwa macho. Kinachomuunganisha na jasho lake la msimu mzima ni tarakimu nne za namba ya siri.

Ni tarakimu hizo zinazozua manung'uniko kila mwaka. Mkulima akizisahau, fedha zinafungiwa ndani na yeye anabaki nje. Akimtajia mtu, fedha zinaweza kuondoka na mtu huyo. Na hata kabla hajafika hapo, ametakiwa atoe jina, picha, alama za vidole, namba ya kitambulisho cha Taifa, namba ya simu na ukubwa wa shamba lake kwa kampuni ya simu, kwa benki, kwa chama cha ushirika na kwa daftari la pembejeo, mara nyingi bila kuelezwa nani atakayezitunza taarifa hizo na kwa muda gani.

Kwa maneno mengine, mkulima analipa mara mbili. Analipa kwa usumbufu ili fedha zake ziwe salama, halafu analipa kwa siri zake ili apewe huo usalama. Swali la kujiuliza ni kama anachokipata kinalingana na anachokitoa.

Hali haikuwa hivi zamani. Mfumo wa stakabadhi za ghala ulipopata sheria yake mwaka 2005 na kuanza kwenye korosho kusini mwa nchi msimu wa 2007/08, malipo mengi bado yalipita mikononi mwa makarani, fedha taslimu, na malalamiko ya wakati huo yalikuwa juu ya makato na fedha zilizopotea njiani. Mfumo huo ulipohamia kwenye ufuta mkoani Lindi mwishoni mwa muongo uliofuata, ulikuja pamoja na sharti la kila mkulima kuwa na akaunti. Katika misimu ya karibuni mnada wenyewe umehamia kwenye mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na bei inaonekana kwenye skrini mbele ya wakulima. Haya ni maendeleo ambayo si haki kuyabeza. Karani mwenye fuko la fedha aliweza kupunguza kilo, kupunguza noti, au kuvamiwa njiani. Akaunti haina tabia hizo.

Lakini akaunti ina mlango, na mlango huo una historia yake. M-Pesa ilianza nchini Aprili 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, na wakati ule laini ya simu ilinunuliwa kama kibiriti, bila jina. Usajili wa laini ulianza Julai 2009 na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ikaufanya kuwa lazima. Mei 1, 2019 ukaanza usajili wa alama za vidole ukitumia namba ya kitambulisho inayotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA). Mwisho ulipangwa kuwa Desemba 31, 2019, Rais John Magufuli akaongeza siku 20, na baada ya Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa.

Foleni za kipindi kile zinakumbukwa na kila aliyekuwa na simu. Waliopata taabu zaidi ni wazee na watu wa jembe. Vidole vilivyoshika mpini miaka 40 huwa vimesuguka, na mashine inayotafuta mistari ya kidole haiioni. Mzee anawekwa kidole gumba, haisomi. Anawekwa cha shahada, haisomi. Anaambiwa akanawe, apake mafuta, arudi kesho. Mtu huyo huyo ndiye aliyeahidiwa kwamba usajili ule utamlinda yeye.

Je, ulimlinda? Jibu la haki ni kwamba ulimlinda kiasi. Polisi leo wana jina la mwenye laini iliyotumika kutapeli, jambo ambalo mwaka 2008 halikuwepo. Hata hivyo, ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haukukoma. Bado unaingia kwenye simu za Kilwa kama unavyoingia kwenye simu za Tandahimba na Tunduma, na taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zimeendelea kuhesabu majaribio ya utapeli mkoa kwa mkoa, Rukwa na Morogoro ikitajwa mara kwa mara kuwa juu ya orodha.

Laini hizo zinatoka wapi kama kila moja ina kidole cha mtu? Hapa ndipo wakulima wanapaswa kusikiliza kwa makini. Wasajili wa mitaani walilipwa kwa idadi ya laini walizosajili. Mteja aliweka kidole mara moja, akaambiwa hakijasoma, akaweka tena, na tena. Mara ya kwanza ilisajili laini yake. Mara ya pili na ya tatu, kwa msajili asiye mwaminifu, zilisajili laini nyingine kwa jina lile lile, na laini hizo zikauzwa kwa watu wanaohitaji jina lisilo lao. Ndiyo sababu TCRA iliwataka wananchi wapige *106# na kuhakiki ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Mkulima wa Likawage ambaye hajawahi kufika Sumbawanga anaweza kukuta ana laini huko.

Mchezo huu si wa Tanzania peke yake. Nchini India, mwaka 2018, polisi wa jimbo la Telangana walimkamata muuzaji wa laini aliyechukua alama za vidole kutoka kwenye hati za ardhi zilizowekwa mtandaoni, akatengeneza vidole vya mpira, na kusajili maelfu ya laini ili afikie malengo ya mauzo. Wakulima waliotia dole gumba kwenye hati zao za mashamba hawakujua kwamba walikuwa wanatia saini kitu kingine. Namba ya siri ikivuja hubadilishwa. Kidole kikivuja hakibadilishwi.

Tarakimu nne za kwanza

Kuna jambo dogo ambalo halisemwi sana, nalo ni zito kuliko linavyoonekana. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenye namba, ukianza na mwaka. Kwa hiyo yeyote aliyeinakili namba ya NIDA ya mkulima, awe karani wa chama, wakala wa laini, mgawaji wa pembejeo au kijana wa duka la simu, anaujua mwaka aliozaliwa mkulima huyo kwa kusoma tarakimu nne za kwanza.

Sasa namba ya siri nayo ina tarakimu nne. Na mtu anapoambiwa achague tarakimu nne ambazo hatazisahau, anachagua nini? Wengi huchagua mwaka wa kuzaliwa, wao wenyewe au mtoto wa kwanza. Kinadharia kuna namba 10,000 za kuchagua, kuanzia 0000 hadi 9999. Kwa anayechagua mwaka wa kuzaliwa wa mtu mzima, zilizobaki hazifiki 80, na kwa mwenye namba ya NIDA mkononi imebaki moja. Mfumo hujifunga baada ya kukosea mara tatu, lakini mwizi wa aina hii hahitaji mara tatu.

Wanaodhani huu ni udhaifu wa watu wa vijijini watazame kwingineko. Mwaka 2012 mtaalamu wa takwimu Nick Berry alichambua namba za tarakimu nne milioni 3.4 zilizotokana na nywila zilizokuwa zimevuja mtandaoni, za watu waliosoma na wasiosoma. Namba 1234 peke yake ilichukua karibu asilimia 11. Namba 20 zinazopendwa zaidi zilichukua zaidi ya robo ya zote. Binadamu ni yule yule, awe London au Nanjirinji.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza, ambao hauna gharama hata ya shilingi moja, ni kubadili namba ya siri kama inafanana na mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa kwenye kitambulisho. Mwaka ambao mkulima alivuna gunia nyingi, au namba ya kilo za mzigo fulani wa zamani anaoukumbuka, ni bora mara kumi.

Kibanda cha wakala

Lakini namba bora haisaidii kama inatamkwa kwa sauti. Na inatamkwa. Anayetaka ushahidi akae kwenye kibanda cha wakala siku fedha za ufuta zinapoingia. Mzee anafika, kijana anatoa shikamoo, anaitikiwa marahaba, na simu ya kitochi inapita dirishani.

"Mjukuu wangu, nitazamie kama zimeingia."

"Namba ya siri, babu?"

Babu anaitaja. Watu wanne nyuma yake wanaisikia, na hakuna anayeshangaa.

Wataalamu wa benki wakiliona hili husema ni ukosefu wa elimu, na kila mwaka hutoa vipeperushi vya kuwaambia wananchi wasitaje namba zao za siri. Vipeperushi hivyo havijabadilisha mengi, kwa sababu vinatibu ugonjwa usiokuwepo. Mzee anajua kwamba siri ni siri. Tatizo lake ni kwamba macho hayaoni maandishi madogo ya kioo cha kitochi, menyu ya *150*00# au ya benki ina hatua sita na haimsubiri, na akikosea mara tatu akaunti inafungwa. Hata namba anayoiandika, kwenye simu nyingi za aina hiyo, inaonekana waziwazi kwenye kioo badala ya kufichwa kwa nyota. Mfumo umetengenezwa kwa mtu mmoja mwenye simu moja, macho mazima, chaji ya kutosha na faragha ya kutosha. Huko Likawage mtu wa namba hiyo si wengi.

Ikimfungia, tiba iko mbali. Kampuni za simu hurudisha namba ya siri kwa njia ya simu, lakini mhudumu huuliza jina kamili, namba ya kitambulisho na muamala wa mwisho, na mzee aliyeacha kitambulisho nyumbani hawezi kujibu. (Wakala aliyemtolea fedha jana anaweza kujibu yote matatu, jambo ambalo lingestahili kuwakosesha usingizi wahusika.) Kwa upande wa benki, mara nyingi hukumu ni kufika tawini kwa ajili ya uhakiki. Tawi liko makao makuu ya wilaya, Kilwa Masoko, na kutoka Likawage hadi kuikuta lami ya Nangurukuru ni safari ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika.

Chukua mfano wa hesabu. Mkulima ameuza kilo 600 kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000. Anazo shilingi 1,800,000 kabla ya makato. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula, pa kulala usiku mmoja na siku mbili za kazi zilizopotea, tuseme ni shilingi 50,000. Hiyo ni karibu asilimia tatu ya pato lake. Kumtajia wakala namba ya siri ni bure, au ni soda. Hata kama anaamini kwamba kati ya watu 100 wanaotaja namba zao kuna mmoja anayeibiwa kila kitu, hasara yake ya wastani ni shilingi 18,000, chini ya nauli. Kwa hesabu hiyo mzee si mjinga hata kidogo. Anafanya uchumi.

Kasoro ya hesabu hiyo ni kwamba hasara haiji kwa wastani. Yule mmoja kati ya 100 hapotezi 18,000. Anapoteza zote, mwezi wa saba, kabla hajalipa vibarua wala kuweka akiba ya mbegu. Na akienda kulalamika anakutana na sharti alilotia saini bila kulisoma, kwamba muamala wowote uliofanywa kwa namba ya siri sahihi unahesabika umefanywa na mwenye akaunti. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinampa haki ya kulalamika kwa mtoa huduma kwanza na kisha Benki Kuu, lakini ushahidi wa mwanzo utakaowekwa mezani ni kwamba namba ilikuwa sahihi. Mzigo wote wa hatari umehamishiwa kwa mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuubeba.

Kadi ikiwa rehani

Kuna namba za siri zinazotolewa kwa makusudi. Katika mikopo ya mitaani nchini, mkopeshaji kuchukua kadi ya benki ya mkopaji pamoja na namba ya siri ni desturi ya miaka mingi, na walimu na watumishi wengine wa Serikali wanaijua vizuri. Kwenye mazao ya stakabadhi desturi hiyo inapata mahali pake penyewe. Mnunuzi wa kangomba anayempa mkulima fedha Januari kwa bei ya kutupa hawezi kuuza mzigo huo mnadani kwa jina lake. Lazima upite kwa jina la mkulima, kwenye akaunti ya mkulima. Asipokuwa na kadi na namba ya siri, au laini ya simu yenyewe, hana uhakika wa fedha yake.

Hivyo akaunti iliyobuniwa ili kumkata mlanguzi inageuka kuwa chombo cha mlanguzi, ikiwa na kidole na picha ya mkulima juu yake. Hakuna kufuli la mtandao linaloweza kuzuia hili, kwa sababu mwenye ufunguo ameutoa mwenyewe kwa njaa ya Januari. Dawa yake ni mkopo wa halali wa msimu wa njaa, na hilo ni suala la ushirika na benki, si la wataalamu wa kompyuta.

Wakulima wa kusini wanayo pia kumbukumbu ya upande wa pili. Novemba 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo yalitanguliwa na uhakiki: mkulima alitakiwa kuthibitisha kwamba shamba analo na kwamba linaweza kutoa kilo alizopeleka. Lengo lilikuwa kuwabaini wa kangomba. Wapo waliobainika, na wapo wakulima halali waliosubiri malipo kwa miezi kwa sababu jina la kwenye daftari la chama halikufanana na la benki, au ekari zilizoandikwa hazikulingana na kilo. Tangu hapo mkulima anayeulizwa ukubwa wa shamba lake hujiuliza kwanza linaulizwa kwa ajili gani. Akiambiwa ni kwa ajili ya pembejeo za ruzuku, anaongeza. Akihisi ni kwa ajili ya kodi au uhakiki, anapunguza. Daftari linalokusanywa kwa madhumuni yasiyoelezwa hupata takwimu mbovu, na takwimu hizo ndizo zinazotumika kugawa salfa mwaka unaofuata.

Siri ndani ya nyumba

Faragha haiishii kwa matapeli na Serikali. Simu moja huhudumia nyumba nzima. Mama mwenye shamba lake la ufuta, ambaye fedha zake zinaingia kwa ujumbe kwenye simu ya mumewe, hana akaunti kwa maana halisi. Analo jina kwenye akaunti. Ujumbe wa salio ukiingia saa mbili usiku, nyumba yote imejua, na kesho yake wameshajua shemeji na mjomba. Wanawake wengi wanaendelea kupenda sanduku la kikundi kuliko simu, na maafisa wanaowaita wenye mawazo ya kizamani wangefanya vyema kulitazama sanduku lenyewe.

Sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa lina kufuli tatu. Funguo tatu zinashikwa na wanachama watatu tofauti, sanduku linakaa kwa mtu wa nne, na linafunguliwa mbele ya kikundi kizima. Hakuna anayetakiwa kukumbuka namba. Hakuna anayeweza kuiba peke yake, na mwanachama asiyejua kusoma yuko salama sawasawa na katibu. Ulinzi huo umejengwa juu ya ukweli kwamba watu wanaishi pamoja na wanaonana, wakati ulinzi wa simu umejengwa juu ya dhana kwamba kila mtu yuko peke yake chumbani.

Likawage yenyewe ina uzoefu wa fedha za pamoja. Ni miongoni mwa vijiji vya Kilwa vilivyotenga msitu wa hifadhi wa kijiji, wakishirikiana na shirika la MCDI la Kilwa Masoko, na fedha za magogo huingia kwenye akaunti ya kijiji ambayo haitolewi kwa saini ya mtu mmoja. Kampuni za simu nazo zimeanza kujifunza: M-Koba, iliyoletwa na Vodacom pamoja na Benki ya TPB mwaka 2019, inahitaji viongozi zaidi ya mmoja kuidhinisha kabla fedha za kikundi hazijatoka. Kilichokosekana ni huduma kama hiyo kwa mtu binafsi, kwa mfano mkulima kuweka jina la binti yake au ndugu anayemwamini, ili kiasi kinachozidi shilingi laki tatu kisitoke mpaka naye akubali kwenye simu yake. Mzee angeweza kuendelea kumtuma wakala, na wakala asingeweza kuchukua zaidi ya alichotumwa.

Hali ni ngumu kwa namna nyingine kwa wafanyabiashara wadogo wenye simu janja. Kwao mtego si kutaja namba bali kubonyeza "kubali". Programu nyingi za mikopo ya haraka ziliomba ruhusa ya kusoma orodha yote ya namba zilizomo kwenye simu, na mkopaji akichelewa siku mbili, mkwewe, mteja wake wa mihogo na imamu wa msikiti wote walipata ujumbe kwamba fulani ni mdaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Muuza duka aliyezitumia alipata shilingi 50,000 kwa dakika tano, na dhamana aliyoiweka ilikuwa heshima yake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Misingi yake ni rahisi kueleweka hata bila mwanasheria. Anayechukua taarifa za mtu lazima aseme anazichukua kwa madhumuni gani, asichukue zaidi ya anazohitaji, asizitumie kwa jambo jingine, na azilinde. Mwenye taarifa ana haki ya kuuliza zipo zipi na kutaka zilizokosewa zirekebishwe. Sheria haikusema kwamba ni ya mabenki ya Dar es Salaam tu. Chama cha msingi chenye daftari la majina, namba za NIDA, namba za simu na namba za akaunti za wanachama 400 kimeshika mali ya watu.

Hapa kuna mvutano wa kweli ambao haufai kufichwa. Ushirika unaishi kwa uwazi. Mwanachama ana haki ya kujua mzigo wa jumla, bei, makato na nani amelipwa, na viongozi waliozoea kuficha mahesabu watafurahi sana kupata kisingizio cha faragha. Lakini uwazi wa mahesabu hauhitaji namba ya NIDA. Orodha ya malipo inayobandikwa ukutani inaweza kuwa na namba ya stakabadhi, kilo na fedha, kila mkulima akajitambua kwa stakabadhi yake. Jina kamili likiwa pamoja na namba ya simu na kiasi alicholipwa, hiyo si taarifa ya ushirika tena, ni ramani ya tapeli. Anayempigia mkulima na kumtajia kilo zake na siku aliyolipwa ataaminiwa hata akisema anapiga kutoka benki. Wateja wameelezwa mara nyingi kwamba huduma kwa wateja za kampuni za simu hupiga kwa namba 100 peke yake, na kwamba namba ya tapeli ipelekwe kwa ujumbe kwenda 15040, lakini sauti inayojua kilo zako ina nguvu kuliko tangazo la redioni.

Mabenki na kampuni za simu yana la kufanya lisilohitaji sheria mpya. Msimu wa malipo unajulikana, na vijiji vinajulikana. Afisa mmoja mwenye mashine ya kuhakiki, akikaa siku mbili ofisi ya chama Likawage, siku mbili Nainokwe na siku mbili Njinjo kabla mnada wa kwanza haujaanza, angefungua akaunti zilizolala, kurekebisha majina yasiyofanana na kurudisha namba za siri zilizosahaulika kwa gharama ndogo kuliko nauli za wakulima wote wanaomfuata yeye. Hili ni muhimu zaidi kwa kuwa njia zenyewe hazitabiriki. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani ya kusini, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika Somanga, na siku chache baadaye, Mei 12, nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Mwenye akaunti iliyofungwa wiki hiyo hakuwa na barabara wala mtandao.

Vyama vya msingi navyo vina jambo lao la dharura kabla ya msimu. Mifumo ya mnada na ya usimamizi wa ushirika inaingiwa kwa nywila, na namba ya uthibitisho hutumwa kwenye simu. Katika chama ambacho simu hiyo ni ya katibu binafsi, uchaguzi ukifanyika na katibu akaangushwa, anaondoka na ufunguo mfukoni, hata kama hana nia mbaya. Laini ya chama isajiliwe kwa jina la chama, ikae ofisini na kusainiwa kwenye daftari kama muhuri unavyosainiwa, nywila ibadilishwe siku ya makabidhiano mbele ya bodi mpya, na karani wa mizani apewe ya kwake badala ya kuazima ya katibu. Laini hiyo pia iwekwe vocha na kutumika hata baada ya msimu, maana laini inayolala muda mrefu hufungwa na namba yake hupewa mtu mwingine, na Mei inayofuata ujumbe wa mnada wa Likawage utaingia kwenye simu ya mtu wa Mwanza.